Bondia apumzike kwa hela ya nani?

Tumchukue bondia wa kufikirika. Anaishi Buigiri, wilayani Chamwino, kiasi cha kilomita 35 kutoka Dodoma mjini ukishika barabara ya Morogoro, kijiji ambacho wengi wanakijua kwa shule yake ya wasioona kuliko kwa ngumi. Ana kilo 61. Mchana anafanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu, jioni anapiga begi. Ameitwa Dar es Salaam kupigana raundi 8 katika mapambano ya utangulizi, amepigwa ngumi za kichwa, na mwamuzi amemaliza pambano kwa TKO raundi ya 5. Arudi ulingoni baada ya siku ngapi?

Mwili una jibu lake na mfuko una lake. Mara nyingi mfuko ndio unaosikilizwa, na hesabu inaonesha kwa nini.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Viungo havichukui muda sawa kupona. Nguvu ya mlipuko, ile ya kurusha ngumi tatu za haraka, inategemea akiba ndogo ya nishati ndani ya msuli, na nusu ya akiba hiyo hurudi ndani ya sekunde 30 hivi. Ndiyo maana dakika 1 ya kukaa kwenye kiti kati ya raundi ina faida kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtazamaji. Asidi inayolundikana kwenye damu hupungua kwa nusu kila dakika 15 hadi 20, kwa hiyo saa moja baada ya kengele ya mwisho imekwisha kwa sehemu kubwa. Yule anayesema siku ya tatu kwamba bado ana asidi mwilini anasikia maumivu ya nyuzi za msuli zilizochanika, ambayo hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha hushuka yenyewe.

Akiba ya wanga kwenye misuli hujazwa ndani ya siku moja, mtu akila vya kutosha. Kiwango kinachotumika ni gramu 7 kwa kila kilo ya uzito, au zaidi kidogo. Kwa bondia wetu ni gramu 427. Unga wa uwele una wanga wa takribani asilimia 70, hivyo anahitaji gramu 610 za unga kwa siku nzima. Kwa meza ya Kigogo hicho si kiasi cha kutisha. Ugali wa uwele na mlenda unaifanya kazi hiyo bila kopo lolote la poda kutoka dukani. Maji nayo ni hesabu fupi: aliyepoteza kilo 2 kwa jasho anywe kama lita 3, pamoja na chumvi kidogo, kwa sababu sehemu ya maji hayo itatoka kwa mkojo kabla mwili haujayatumia.

Mpaka hapo, siku nne au tano zimepita na kijana anajisikia mzima. Anakimbia asubuhi, pumzi ipo, mikono haiumi. Kocha anamwona, promota anampigia simu. Ila vilivyopona ni vile vinavyopona haraka.

Ngozi iko nyuma sana. Nyuzi za mshono usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, na watu huona kama kidonda kimekwisha. Wiki moja baada ya kuchanika, kovu lina nguvu ya asilimia 3 tu ya ngozi ya awali. Wiki ya tatu imefika karibu asilimia 20. Asilimia 80 huja baada ya miezi 3 hivi, na mia haifiki tena maishani. Bondia anayerudi ulingoni siku ya 21 akiwa na nyusi iliyoshonwa ameingia na moja ya tano ya ngozi yake, na mpinzani yeyote mwenye macho atalenga hapo hapo. Mfupa wa kiganja uliovunjika unataka wiki 4 hadi 6 kuunga, na zaidi ya hapo kabla ya kupiga kitu kigumu.

Ubongo ndio unaochelewa kuonekana, na ndio ninaotaka tukae nao kidogo. Mwaka 2008 watafiti nchini Italia walichapisha vipimo vya kemia ya ubongo vya wanamichezo 13 waliopata mtikisiko. Dalili zao, kama kichwa kuuma na kizunguzungu, zilikwisha ndani ya siku 3 hadi 15 kwa kauli zao wenyewe. Kemia ya ubongo ilirudi kawaida kwenye siku ya 30 hivi. Wachache waliopigwa tena kabla ya kupona walifika siku ya 45. Ni watu wachache, na mashine si hakimu wa kila kitu, lakini pengo hilo ndilo ambalo bondia hawezi kulihisi: kwa wiki mbili au zaidi anajiona mzima na hajapona.

Kanuni zimewekwa kwa sababu ya pengo hilo. Katika ngumi za ridhaa za kimataifa, bondia aliyeangushwa kwa ngumi za kichwa bila kupoteza fahamu hukaa nje angalau siku 30. Akipoteza fahamu chini ya dakika 1, miezi 3. Zaidi ya dakika 1, miezi 6. Na kukaa nje maana yake ni pamoja na sparingi. Hili husahauliwa kwa makusudi katika jimu nyingi: kijana haendi kwenye pambano, lakini kila jioni anavaa glavu na kupokea ngumi za bure ambazo hazihesabiwi popote.

Sasa mfuko. Bei ninazozitumia ni za mfano, isipokuwa nauli ya treni. Ukiwa na bei zako ziweke, muundo wa hesabu haubadiliki sana.

Tuseme malipo ya raundi 8 ni shilingi 600,000. Meneja anachukua asilimia 25, yaani 150,000; kocha asilimia 10, yaani 60,000. Zinabaki 390,000. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, ilipangiwa nauli ya shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida. Watu wawili kwenda na kurudi ni 124,000. Weka 10,000 za basi kati ya Buigiri na mjini, jumla 134,000. Chumba kimoja kwa siku mbili, 50,000. Zinabaki 206,000. Maandalizi ya wiki 6 yanataka chakula cha ziada, mayai, maharage na maziwa juu ya kile cha nyumbani: 3,000 kwa siku mara 42 ni 126,000. Amebakiwa na 80,000.

Baada ya TKO daktari anamwambia asiiname shambani wala kubeba mizigo kwa siku 14. Kibarua cha 6,000 kwa siku, mara 14, ni 84,000. Pambano limemwacha na hasara ya shilingi 4,000.

Je, akikaidi? Anarudi kibaruani kesho yake, halafu baada ya siku 21 anakubali pambano jingine la malipo yale yale. Maandalizi hayaanzi sifuri. Anakula ziada kwa siku 21 tu, 63,000. Pambano la pili linamletea 206,000 kutoa 63,000, sawa na 143,000. Jumlisha na zile 80,000, anazo 223,000. Tofauti kati ya kutii na kukaidi ni shilingi 227,000. Hiyo ndiyo bei ya mapumziko, na kwa mpangilio uliopo anayeilipa ni mtu mmoja, yule aliyepigwa. Mtu akimwita mroho wa pesa, amtajie kwanza nani mwingine aliyejitolea kuibeba.

Wapo watakaosema kwamba mabondia wengine hupigana mara kwa mara na wanadumu. Ni kweli. Peter Buckley wa Birmingham, Uingereza, alipigana mapambano 300 kati ya 1989 na 2008, wastani wa pambano moja kila siku 23. Alipoteza 256. Lakini Buckley alikuwa fundi wa kutopigwa: kazi yake ilikuwa kumaliza raundi akiwa amesimama ili apatikane tena baada ya wiki mbili tatu, mara nyingi katika mapambano mafupi, chini ya mamlaka inayotaka picha ya ubongo ya bondia kila mwaka. Ukitaka ratiba ya Buckley, chukua na ulinzi wa Buckley, na daktari wake pia.

Hoja nyingine hutoka kwa ngumi za ridhaa. Titus Simba alileta fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na mwaka 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walitwaa shaba Birmingham, katika mashindano ambayo ngumi zilichezwa kuanzia Julai 29 hadi Agosti 7. Kama hao wanapumzika siku mbili tatu, wa kulipwa analalamikia nini? Tazama dakika. Pambano la ridhaa la wanaume sasa ni raundi 3 za dakika 3, yaani dakika 9. Atakayepigana mara nne katika mashindano mazima hukaa ulingoni dakika 36, sawasawa na pambano moja la ubingwa la raundi 12. Glavu zake ni nene kuliko zile nyepesi za ubingwa wa kulipwa, mwamuzi huwahi kusimamisha, na akiangushwa kwa kichwa mashindano yake yamekwisha siku hiyo. Kinachomtesa ni mizani, kwa sababu hupimwa tena asubuhi ya kila siku ya kupigana. Anayeishi kwa kukausha uzito hana siku mbili za kupumzika; ana siku mbili za kiu.

Mapumziko marefu nayo si dawa ya kila kitu, na nisingependa mtu asome makala haya akaenda kulala miezi sita. Uwezo wa kutumia oksijeni wa mwanamichezo aliyeiva unaweza kushuka kwa asilimia 4 hadi 14 ndani ya wiki 4 za kuacha mazoezi kabisa. John Mugabi wa Uganda alipigwa na Marvin Hagler Machi 10, 1986, kwa KO raundi ya 11, akarudi Desemba 5 kugombea mkanda wa WBC dhidi ya Duane Thomas. Siku 270. Alipoteza raundi ya 3, kwa jeraha la jicho. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuwa na mwaka mzima kati ya kumpiga Julius Indongo, Septemba 3, 2021, na kukutana na Liam Smith mjini Liverpool, Septemba 3, 2022. Akasimamishwa raundi ya 4. Mwakinyo huyo huyo, Septemba 8, 2018, alimmaliza Sam Eggington raundi ya 2 kule Birmingham akiwa ameitwa kuziba nafasi dakika za mwisho. Kalenda peke yake haishindi pambano. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba aliyepanda ulingoni ana ubongo na ngozi vilivyo tayari.

Kwa hiyo siku za mapumziko zisiwe za godoro. Baada ya siku za kwanza za kutulia, daktari akiruhusu, kijana wa Buigiri anaweza kutembea, kisha kukimbia polepole kabla jua la Dodoma halijapanda, kisha kamba, kisha begi. Sparingi iwe ya mwisho kabisa, baada ya siku 30 na baada ya kuonwa na daktari. Kwa mkazi wa Chamwino mashine za picha ya ubongo si lazima zifuatwe Dar es Salaam; Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma.

Turudi kwenye bili. Tuseme onyesho lina mapambano 10, mabondia 20, na wanne kati yao wamesimamishwa au kuangushwa. Kumlipa kila mmoja siku zake 14 za kibarua ni 84,000 mara 4, sawa na 336,000. Ukumbi una watazamaji 500. Gawanya: shilingi 672 kwa kila tiketi. Kwa tiketi ya 10,000 hiyo haifiki asilimia 7. Ongeza 1,000 kwenye tiketi na utakusanya 500,000, unalipa wote wanne na kubakiwa na 164,000 za vipimo na nauli za kumwona daktari. Haifuti tofauti yote ya 227,000, lakini inamtoa bondia kwenye hasara, na aliyetoka kwenye hasara anaweza kukataa simu ya promota.

Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, ndiyo inayotoa vibali vya mapambano, kwa hiyo ndiyo inayoweza kuweka shilingi 1,000 hiyo kuwa sharti la kibali: hela ikae mahali pamoja kabla ya kengele ya kwanza, na bondia alipwe kwa kuonesha karatasi ya daktari, si kwa hisani ya promota.