Mzee Anayeacha Miwani Yake

Mara nyingi hapa Bukavu twasikia habari ya namna hii: mzee wa miaka 70, ambaye tangu zamani hakuweza kusoma bila miwani, siku moja afungua kitabu cha nyimbo na kusoma herufi ndogo kwa macho matupu. Watu wa nyumba yake wafurahi, wasema macho yake yamerudia ujana. Lakini mwulizeni mzee huyo: ukisimama kando ya Ziwa Kivu, wauona vema mtumbwi ulio mbali? Atajibu kwamba aona ukungu, hata siku ya jua kali.

Sababu ni hii. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi, nayo ni angavu kama maji safi. Yakusanya nuru ili ianguke mahali pake nyuma ya jicho. Kijana akitazama kitu cha karibu, lenzi yake hunenepa. Akitazama mbali, huwa bapa. Tangu miaka 40 hivi yaanza kuwa ngumu, haigeuki upesi. Ndiyo maana mama anayetunga uzi katika sindano hunyosha mkono, na katika soko la Kadutu mtu husogeza noti mbali apate kuisoma. Huo si ugonjwa. Miwani ya kusomea yatosha, wala haiharibu macho kama wengine wanavyosema.

Lakini katika uzee kiini cha lenzi chaweza kukazana na kugeuka rangi kama chai. Lenzi hiyo hupinda nuru kupita kiasi: ya karibu yaonekana, ya mbali yapotea. Huo ni mwanzo wa mtoto wa jicho. Furaha ya mzee haidumu, kwa maana baadaye hata herufi zitafichwa. Dawa ya matone haiondoi mtoto wa jicho, na maji ya majani yaweza kuleta kidonda. Daktari hutoa lenzi iliyochafuka na kutia nyingine iliyotengenezwa, kazi aliyoianza Harold Ridley huko London mwaka 1949.

Na mtu ambaye macho yake yabadilika kwa siku chache tu? Apimwe kwanza sukari ya damu, hasa kama ana kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara. Sukari ikizidi, lenzi huvuta maji na kubadilika umbo. Wauzao miwani njiani hawapimi sukari! Asinunue kwao siku hiyo. Sukari ikiisha kushuka, macho huchukua majuma kadhaa kutulia, na miwani ya haraka haitamfaa tena.