Kabla ya kununua mabati, fikiria pia kifua chako

UKIMWULIZA mkazi wa Kayole, Dandora au Umoja anayejenga nyumba anataka nini katika paa, atakutajia mambo mawili: lisivuje, na lisimfilisi. Ni nadra kumsikia akitaja afya. Ilhali paa ndilo linaloamua watu wa nyumba hiyo watavuta hewa ya namna gani usiku kucha, na likiwa bovu, wa kwanza kuumia ni mtoto mwenye pumu na mzee mwenye kifua dhaifu.

Makala haya yanakuhusu wewe ambaye kuta zimekwisha kupanda, kenchi ziko tayari, na sasa unazunguka na fundi wako mkiuliza bei. Je, mabati utayanunua wapi?

Mkazi wa Eastlands ana njia kadhaa. Kuna viwanda na maghala ya Industrial Area, upande wa Enterprise Road na Lunga Lunga Road hadi Mombasa Road, ambako mengi hukatwa kwa urefu unaoagiza. Kuna maduka ya hadiwea ya mitaani, kando ya Outer Ring Road, Kangundo Road na ndani ya mitaa yenyewe. Halafu kuna vifaa vilivyotumika, vinavyouzwa Gikomba, kandokando ya barabara, au mlangoni pa nyumba inayobomolewa. Tuanze na hivi vya mwisho, kwa kuwa ndivyo vinavyouvutia mfuko, na ndivyo vyenye hatari kubwa zaidi.

Bati la chuma lililotumika si sumu kwa sababu tu limetumika. Likiwa halijaliwa na kutu, na matundu ya misumari ya zamani yakizibwa vizuri, linaweza kuezeka jiko au banda la kuku kwa miaka kadhaa. Shida ni kile kinachouzwa pamoja nalo.

Katika rundo la aina hiyo usishangae kukuta karatasi za rangi ya kijivu, nene kama nusu sentimita hivi au zaidi, nzito, zenye mawimbi makubwa, na pengine zimeota ukoga juu. Ukiipinda haipindiki, huvunjika kama chungu. Hiyo si chuma. Yamkini ni simiti iliyochanganywa na nyuzi za asbestosi, madini yaliyosifiwa sana zamani kwa kuwa hayashiki moto wala hayaozi. Shule, ofisi na nyumba nyingi za wafanyakazi humu nchini ziliezekwa kwa karatasi hizo katika karne iliyopita, na majengo hayo yanapobomolewa ili kupisha maghorofa, karatasi zake hutafuta mnunuzi.

Karatasi ya asbestosi iliyo nzima, imetulia juu ya paa bila kuguswa, haina hatari kubwa kwa aliye chini yake. Hatari huanza inapokatwa kwa msumeno, kutobolewa, kugongwa nyundo au kutupwa kutoka juu ya lori. Hapo nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho hupaa hewani, mtu akazivuta, na mapafu hayana uwezo wa kuzitoa zote. Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema wazi kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani: ya mapafu, ya zoloto, ya ovari, na ile iitwayo mesothelioma, ambayo hushika utando unaozunguka mapafu au tumbo. Kuna pia ugonjwa wa asbestosisi, ambao mapafu hujaa makovu na kukakamaa hadi mgonjwa anashindwa kupanda ngazi bila kutweta. Anayevuta sigara juu ya hayo, hatari yake ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi.

Na ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayana haraka. Mesothelioma inaweza kuchukua miaka 20 hadi 40, au hata zaidi, tangu mtu avute vumbi hadi adhihirishe dalili. Kijana wa mkokoteni anayezibeba karatasi hizo leo bila kujua ataanza kukohoa akiwa na wajukuu, wala hakuna daktari atakayemwuliza alibeba nini akiwa na miaka 22.

Kanuni za kitaifa za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka asbestosi katika orodha ya taka hatari. Kuiezua, kuisafirisha na kuitupa ni kazi ya watu wenye kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA). Karatasi hulowanishwa maji ili vumbi lisiruke, hushushwa zikiwa nzima, hufungwa katika plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Basi anayekuuzia karatasi ya namna hiyo kwa bei ya kutupa anakuuzia taka hatari. Ni kweli kwamba si kila karatasi ya simiti ina asbestosi, maana kuna za kisasa zisizokuwa nayo, lakini macho hayawezi kutofautisha. Ni maabara tu. Usipokuwa na uhakika, ichukulie kuwa inayo na uiache hapo ilipo.

Ikiwa nyumba uliyonunua tayari ina paa hilo, usimtume fundi apande na nyundo siku ya Jumamosi. Usilikwangue ukoga kwa brashi ya waya, wala usilitoboe kupitisha waya wa antena. Zungumza na NEMA kwanza.

Kitu kingine cha kuepuka ni vipande vilivyopatikana kwa kupasua na kubonda mapipa. Pipa lililobeba mafuta ya kupikia halina neno. Lililobeba dawa za wadudu au kemikali za kiwandani lina neno, na likishapasuliwa na kubondwa huwezi tena kusoma lililoandikwa ubavuni.

Sasa twende kwa mabati mapya. Huko hatari haimo katika chuma chenyewe bali katika wembamba wake. Bati hulindwa na tabaka la zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao aina yake ya kawaida huwa na alumini asilimia 55. Tabaka hilo likiwa hafifu, kutu huingia mapema, matundu hufuata, na maji ya masika hushuka polepole kwenye mbao na dari. Nyumba huota kuvu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani unaeleza kwamba wakaao katika nyumba za aina hiyo hukabiliwa zaidi na dalili za kifua na pumu. Mama humpeleka mtoto zahanati kila mwezi, akapewa dawa ya kikohozi, kumbe ugonjwa uko juu ya kitanda.

Ndiyo sababu duka unalochagua lina maana. Madukani mabati huuzwa kwa geji, na wengi hujua kwamba nambari ikiwa ndogo bati huwa nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30, nayo 30 ni nene kuliko 32. Wasichojua ni kwamba neno geji linaweza kunyooshwa na muuzaji. Kwa hivyo uliza milimita. Geji 30 inapaswa kukaribia robo ya milimita. Duka linalojiheshimu litakuwa na kifaa cha kupimia unene, au halitakasirika ukija na chako. Ukikosa kifaa, tumia mizani: chuma cha robo milimita kina uzani wa karibu kilo mbili kwa kila mita mraba kabla ya kukunjwa mawimbi. Bati la mita 3 linaloitwa geji 30 likipimwa likatoa kilo 3, umedanganywa.

Tazama pia alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), jina la kiwanda na unene uliopigwa chapa kwenye bati lenyewe. Kibandiko kinachobanduka kwa ukucha si ushahidi. Chini ya alama ya KEBS huwa na nambari ya kibali, ambayo unaweza kuikagua kwa ujumbe wa simu kupitia nambari 20023. Mabati ya kawaida ya zinki yana kiwango chake, KS EAS 11. Mwenye duka asiyewahi kukisikia pengine hajui anauza nini.

Kwa maoni yangu, anayeezeka nyumba nzima aende kiwandani au kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda. Atakatiwa urefu kamili, maungio yatapungua, na maji huvujia kwenye maungio. Atapata pia risiti na dhamana iliyoandikwa. Aisome, kwa sababu baadhi ya dhamana hulinda rangi tu. Anayebadilisha mabati matatu ya chumba kimoja hana haja ya safari hiyo. Hadiwea ya mtaani inamtosha, mradi mwenyewe yupo hapo kila siku na anaweza kurudiwa mambo yakiharibika. Fundi akikushikilia uende duka moja tu na si lingine, muulize kwa upole anapata nini huko. Si kosa kupata kitu kidogo, ila ni vizuri ujue.

Rangi nayo si urembo mtupu. Rangi nyepesi hurudisha jua, nyeusi na nyekundu iliyokolea hulimeza. Chumba cha Januari chini ya bati jeusi lisilo na dari ni tanuri, na mtoto mchanga hupungukiwa maji mwilini upesi. Ukilazimika kuchagua kati ya rangi ya kifahari na dari ya kawaida, chukua dari.

Kazi ikianza, fundi akate bati kwa mkasi. Cheche za mashine ya kukatia huunguza tabaka la kinga, na kutu itaanzia hapo hapo. Avae glavu na viatu vilivyofunika vidole. Jeraha la bati ni mlango wa pepopunda, na chanjo ipo hospitalini. Wale wanaochomelea vipande vilivyobaki kuwa milango wajue kwamba moshi wa zinki huleta homa na baridi usiku huo huo. Maziwa wanayokunywa hayauzuii. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kabla ya kuchomelea na kufanyia kazi mahali penye upepo.

Kisha kuna maji ya mvua, ambayo wengi hukinga kwa sababu mifereji ya kanjo hukauka. Paa jipya lioshwe na mvua mbili tatu kabla hujakinga ya kunywa. Wakazi wa karibu na jaa la Dandora wazidishe uangalifu. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 walioishi na kusoma karibu na jaa hilo, na takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika wakati huo. Vumbi na masizi ya jaa hutua juu ya mabati ya kila mtu, yawe ya bei ghali au rahisi. Mwambie fundi aweke bomba la kugeuza maji ya mwanzo yaende zake kabla ya kuingia tangini. Ni kazi ya nusu saa akiwa bado yuko juu ya ngazi.