Ugonjwa wa Lupusi: Namba za Damu Zinasema Nini?



Mama mmoja mwenye lupusi alituuliza: "Nimepimwa damu Gitega, nimerudi nikapimwa tena Muyinga, namba hazifanani. Nani amekosea?" Huenda hakuna aliyekosea. Katika lupusi, kinga ya mwili inaacha kupigana na vijidudu tu, inaushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo. Haiambukizi, wala si kurogwa. Inawaka na kutulia, na namba nazo zinapanda na kushuka.

Kipimo cha kawaida kwenye karatasi ya maabara huandikwa VS. Damu inatiwa katika mrija mwembamba uliosimama, na baada ya saa moja wanaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Ugonjwa ukiwaka, zinashuka haraka. Lakini malaria, kifua kikuu, upungufu wa damu, hata mimba, vinapandisha VS vilevile. Ndiyo maana daktari huomba pia CRP. Lupusi peke yake mara nyingi haiipandishi sana. Ikiwa juu sana na mgonjwa ana homa, vijidudu hutafutwa kwanza. Hapa ndipo watu wanaumia: prednisoloni hupunguza nguvu ya kinga. Ukiiongeza mwenyewe ukidhani lupusi imewaka, kumbe ni nimonia, unaisaidia nimonia. Kuiacha ghafla nako ni hatari.

Maabara kubwa hupima C3 na C4, protini ambazo mara nyingi hupungua ugonjwa ukiwaka, na anti-DNA, ambayo mara nyingi huongezeka. Vipimo hivyo ni ghali. Kupima mkojo si ghali, na tunawaomba msikidharau: protini ikionekana, figo ziangaliwe mapema, hata kama huna maumivu yoyote.

Msitupe karatasi za zamani. VS ya 70 kwa mtu aliyekuwa na 30 mwezi uliopita si sawa na 70 ya mtu aliyekuwa na 110. Ziwekeni zote katika mfuko wa plastiki mvua isiziharibu, kila moja na tarehe yake, na mzibebe kila mnapotumwa hospitali, pamoja na majina ya dawa mnazomeza.

Tena, vidonge vya hidroksiklorokini ni ndugu wa klorokini tuliyomeza zamani kwa malaria. Usimgawie jirani mwenye homa. Yeye apelekwe kupimwa, na wewe dozi yako isikatike.