Wataka kuwa fundi wa magari? Anza ukiwa shuleni

JE, wewe ni mwanafunzi unayepita Tudor kila asubuhi? Basi walijua lango la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lakini wajua kilianzaje? Kiliasisiwa 1948 kikiwa Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Ufundi, basi, si jambo geni mtaani humo.

Hata hivyo, wazazi wengi bado huona gereji kuwa mahali pa mtoto aliyeshindwa na masomo. Dhana hiyo huleta hasara mbili. Mtoto apendaye magari huona haya kusema. Naye aliyechoka na vitabu huacha shule kidato cha pili, akidhani hesabu hazitamfuata gereji. Zitamfuata!

Chukua mfano wa breki. Mguu mmoja husimamisha gari la zaidi ya tani moja kwa kuwa mafuta ya breki hayashindiliki. Msukumo wa pedali hupita katika paipu nyembamba hadi kwenye magurudumu, na kwa vile pistoni za huko ni pana zaidi, nguvu huongezeka. Hiyo ni kanuni ya Pascal, somo la fizikia. Kemia nayo imo ndani ya betri.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, linda alama zako. Kozi ya diploma huhitaji wastani wa C- katika KCSE, na cheti cha ufundi huhitaji D. Chini ya hapo kuna kozi ya atisani, na unaweza kupanda ngazi polepole. Aliyejifunzia gereji pia ana njia: mitihani ya mafundi ya NITA, inayoanzia gredi ya 3 na kupanda hadi ya 1.

Pili, tumia likizo. Mwombe mzazi akupeleke kwa fundi anayemwamini. Utaanza kwa kuosha vyuma na kupeana spana, usinung'unike. Uwe na daftari, uandike gari lilikuja na tatizo gani, fundi alipima nini, na alipata nini.

Tatu, jihadhari. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, weka stendi. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi, na uurudishe mwisho. Ukianza na wa chanya, spana ikigusa bodi itatoa cheche kali. Na katika magari ya haibridi yanayoshuka bandarini Kilindini, nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme mkali, mara nyingi wa volti 200 na zaidi. Usiziguse kabla hujafunzwa.

Nawe mzazi, keti na mwanao umsikilize, awe mvulana au msichana. Gari la leo lina kompyuta ndani yake. Lahitaji fundi aliyesoma.

Mwanafunzi, maliza shule kwanza, kisha uvae ovaroli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.