Kasuku Anayejinyonyoa

Kila mwanafunzi wa Uchindile amepata kuona manyoya ya kuku yametapakaa uani, wala hashangai. Kuku hupukutisha manyoya yake ya zamani, na mapya huota mahali pake. Kuku anayeatamia hukosa manyoya kifuani, maana ngozi tupu huyapasha mayai joto vizuri zaidi. Bata jike hujing'oa malaika ya kifuani mwake, akayatandika ndani ya kiota. Tena kuku waliosongamana katika banda dogo hudonoana, na yule aliye mnyonge huonekana mgongo wazi. Hayo yote mfugaji huyazoea.

Lakini liko jambo jingine lisilofanana na hayo. Ndege akaa peke yake katika tundu. Hapana wa kumdonoa, wala hana mayai ya kuatamia. Naye hushika manyoya yake mwenyewe kwa mdomo, huyang'oa moja moja, mpaka kifua na mapaja na mabawa yamebaki ngozi tupu. Ndege wa jamii ya kasuku ndio hasa wapatwao na jambo hili, na mmoja wao ajulikanaye sana kwa tabia hiyo ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

Kasuku huyo si ndege wa bonde la Kilombero. Kasuku wa mwituni wa mashariki ya Tanzania ni wa kijani, mwenye kichwa cha rangi ya kahawa. Yule wa kijivu kwao ni misitu mikubwa ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Upande wetu hufika Uganda, na katika Tanzania hupatikana pembe ya kaskazini-magharibi tu, katika msitu wa Minziro ulio karibu na mpaka wa Uganda. Basi akionekana katika nyumba ya Uchindile, jueni ya kuwa ameletwa kutoka mbali. Wala si ajabu, maana reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya miaka 1970 na 1975, hupita hapa ikitoka Dar es Salaam kwenda New Kapiri Mposhi katika Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, na wasafiri huja na vitu vya kila namna.

Haya, tuseme kasuku mmoja ameletwa katika nyumba ya mtumishi wa reli. Mwezi wa kwanza alipiga mbinja, akaiga honi ya treni, na majirani walijaa barazani kumsikiliza. Kisha watu wakamzoea. Baba huenda kazini alfajiri, watoto huenda shuleni, mama huenda shambani, na tundu hubaki barazani mchana kutwa. Mwezi wa nne mtoto akaokota manyoya ya kijivu chini ya tundu, akasema, “Baba, kasuku wetu ana upele.” Mzee jirani akajibu, “Mjukuu wangu, mpakeni mafuta ya taa, utakwisha.”

Shauri hilo ni la kumwua ndege. Mafuta ya taa huunguza ngozi, tena ndege atakapojisafisha kwa mdomo atayameza. Kadhalika dawa ya unga ya kuua wadudu wa mahindi ni sumu kwake. Kabla ya kutafuta dawa yo yote, kwanza mtazameni kichwa.

Kichwani ndiko kuliko na habari. Kasuku aweza kukifikia kifua chake, na mgongo, na mapaja, na hata mkia. Lakini mdomo wake hauwezi kukifikia kichwa chake mwenyewe. Kwa hiyo, kichwa kikiwa na manyoya mazuri kabisa, na kuanzia shingoni kushuka chini ni ngozi tupu, ndege huyo anajinyonyoa. Ikiwa na kichwa pia kimepukutika, basi yuko ndege mwingine amnyonyoaye, au ameshikwa na ugonjwa. Uko ugonjwa mmoja wa virusi uharibuo manyoya na mdomo wa kasuku, nao huambukiza kasuku wengine. Hauna dawa ya kuuponya. Utitiri na chawa huonekana mtu akiyafunua manyoya kwa uangalifu mahali penye mwanga. Ini bovu, minyoo, na sumu ya risasi au ya zinki, ambayo kasuku huipata kwa kutafuna waya wa tundu na rangi za zamani, zaweza pia kumfanya ndege ajinyonyoe. Magonjwa hayo hayatambulikani kwa macho. Ndiyo sababu ni vizuri kumwonyesha mganga wa mifugo. Waganga hao hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Mganga asipoona ugonjwa, itatupasa kuyatazama maisha ya ndege yalivyo. Huko msituni kasuku wa kijivu hakai peke yake. Jioni hukusanyika wengi katika miti mirefu kulala, na alfajiri hutawanyika kwa makelele kwenda kutafuta chakula. Huruka mwendo mrefu, hupasua kokwa ngumu, huchagua mwenzi wake, husikiliza hatari. Siku yake imejaa kazi, na akili zake zimeumbwa kwa kazi hizo. Katika Marekani mtaalamu mmoja, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu mwaka 1977, akamwita Alex. Alimfundisha kwa muda wa miaka 30, na ndege huyo akajifunza kutaja rangi, na maumbo, na idadi ya vitu hata sita, mpaka alipokufa mwaka 2007. Sasa mchukueni ndege mwenye akili kama hizo, mwekeni katika tundu ambalo hawezi hata kuyakunjua mabawa yake, mbele ya ukuta, kutwa nzima. Kitu gani kimebaki cha kufanya kwa mdomo wake? Manyoya yake tu. Kila ndege huyapanga manyoya yake kila siku, ayalainishe na kuyasafisha. Naye asiye na kazi nyingine huipanga ile ile saa baada ya saa, mpaka kupanga kumegeuka kuwa kung'oa.

Upweke si sababu pekee. Chakula pia ni jambo kubwa. Watu wengi humlisha kasuku alizeti na karanga tu, kwa kuwa huzipenda. Lakini chakula hicho kina mafuta mengi na vitamini A kidogo, na ngozi yake hukauka ikamwasha. Mwituni hula matunda ya mchikichi, ambayo nyama yake ina rangi nyekundu. Huku kwetu apewe papai, embe, boga, mchicha, na viazi vitamu vyenye rangi ya manjano ndani. Asipewe parachichi kamwe, maana ni sumu kwa ndege, ingawa kwa watu ni chakula kizuri.

Moshi humdhuru vile vile. Tundu lililotundikwa karibu na jiko la kuni si mahali pa ndege. Mvutaji wa tumbako aliyemshika ndege bila kunawa mikono humpaka nikotini manyoyani. Na mabawa yakikatwa vibaya ili asiruke, vishina vya manyoya humchoma ngozi, naye huanza kuvitafuna. Mimi naona pia ya kuwa desturi ya kumfunga mnyororo mguuni ni mbaya kuliko tundu.

Msaada, basi, ni huu. Apewe tundu kubwa, nalo liwekwe mahali ambapo watu hupita na kuzungumza, lakini upande mmoja uwe na ukuta ili apate pa kujificha. Apewe kazi: magunzi ya mahindi, vipande vya mti mlaini, vifuu vya nazi, njugu zilizofungwa ndani ya majani ya mgomba ili azifungue mwenyewe. Watoto wa Uchindile wenye akili za kutengeneza magari ya miti hawatashindwa kubuni michezo hiyo. Anyunyiziwe maji safi kama mvua mara chache kwa juma, asubuhi, apate kukauka kabla ya jua kuchwa. Usiku alale gizani na kimya kwa muda wa saa 10 au 12. Na kila siku mtu wa nyumbani akae naye, aseme naye, amtoe nje ya tundu.

Asipigwe, wala asipigiwe kelele anapojinyonyoa. Ndege mpweke akiona ya kwamba kila ang'oapo unyoya watu humkimbilia, atang'oa zaidi, kwa kuwa hata kelele ni mazungumzo kwake. Wengine humvalisha ukosi mgumu shingoni, mdomo usifike kifuani. Huo wafaa ikiwa amejitia jeraha, na mganga ndiye amvalishaye. Lakini huzuia mdomo tu, na ile sababu yake hubaki pale pale.

Yako na mambo ya serikali. Mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kukataza biashara baina ya nchi na nchi ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni, kwa sababu misitu ilikuwa imeanza kuwa mitupu. Na kwa sheria ya Tanzania ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009, ndege wa mwituni hafugwi bila kibali. Kwa hiyo mtu akiletewa kasuku stesheni na kuambiwa bei, na aulize kwanza ametoka wapi. Kasuku wa kijivu aweza kuishi miaka 40 na zaidi; mtoto anayempokea leo atakuwa bado anamtunza hali yeye mwenyewe ana wajukuu.

Je, manyoya yatarudi? Hurudi, ila si upesi. Unyoya mchanga huchomoza ukiwa ndani ya ala, nao una damu. Ndege akiung'oa hapo huumia na kutoka damu. Akiuacha, hukomaa baada ya majuma kadhaa. Lakini kama shimo lile lile la ngozi limenyonyolewa mara nyingi kwa miaka, hufa, na unyoya hauoti tena. Liko kundi la ndege ambao wametunzwa vizuri, wamepata wenzi, wameacha kujing'oa, na vifua vyao vimebaki wazi. Hao hula na kupiga mbinja kama wengine. Ila usiku wa Juni na Julai tundu lao hufunikwa kwa blanketi, maana hawana cha kuwakinga na baridi ya milimani.