Bakshishi Huja Nyuma ya Kazi

Ndugu msikilizaji, leo tuzungumze juu ya jambo linalopita mikononi mwetu karibu kila siku, na ambalo wengi wetu hulifanya kwa kubahatisha tu. Jambo lenyewe ni bakshishi. Msikilizaji mmoja ameniuliza swali fupi: nani apewe, na nani asipewe? Anasema akila hotelini huona haya kuondoka bila kuacha chochote mezani. Akiingia katika ofisi ya umma, huona haya vilevile kuondoka bila kuacha chochote. Sasa hajui haya ipi ni ya adabu na haya ipi ni ya woga.

Swali hilo si dogo hata kidogo. Tukichanganya haya hizo mbili, wapo watakaoumia. Ataumia mfanyakazi aliyestahili shukrani akanyimwa, na ataumia raia aliyestahili haki akauziwa.

Tuanze na maneno, maana lugha yetu imelitenganisha jambo hili tangu zamani. Wazee wa pwani walikuwa na kilemba, yaani zawadi ambayo mwanafunzi alimpa fundi wake au mwalimu wake baada ya kuhitimu. Walikuwa na kiinua mgongo. Neno hilo siku hizi tunalijua kwa malipo ya mstaafu, lakini tazama lilivyoundwa: mtu ameinama kazini, kazi imekwisha, sasa anapewa kitu cha kumwinua mgongo. Katika taarabu hadi leo mtu huinuka kitini, akaenda mbele akicheza, akamtunza mwimbaji mbele ya ukumbi mzima. Na bakshishi yenyewe ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi, lenye asili ya kutoa na kukirimu.

Kisha kuna hongo. Hapo zamani hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara kutoka pwani iliwalipa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita. Misafara ya Bagamoyo iliyokwenda Tabora na Ujiji iliijua vizuri hongo ya Ugogo. Usipolipa, hupiti. Basi angalia, ndugu yangu: kilemba, kiinua mgongo na tuzo vyote huja nyuma ya kazi. Hongo hukaa mbele, imefunga njia.

Kwa hiyo kabla hujatia mkono mfukoni, jiulize maswali mawili. La kwanza: je, kazi imekwisha kufanyika? La pili: je, kama nisingetoa chochote, ningeipata huduma hii vilevile? Ukiweza kujibu ndiyo mara zote mbili, na huyo unayempa si mtumishi wa umma, toa kwa moyo mweupe. Ukisita katika moja, rudisha mkono wako.

Sasa tuingie mahali penyewe. Katika hoteli na mikahawa ya kukaa mezani, ambako mhudumu anakuletea chakula na kukusafishia meza, bakshishi ni jambo la kawaida ingawa hapa kwetu si sharti. Umekula chakula cha shilingi 20,000, ukamwachia aliyekuhudumia 1,000 au 2,000, umefanya uungwana. Usipoacha, hakuna atakayekushika shati. Soma risiti kwanza, kwa sababu baadhi ya hoteli kubwa huongeza gharama ya huduma katika hesabu. Ikiwa umekwisha kutozwa, hulazimiki kuongeza. Lakini usidanganyike na mstari wa kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo ni ya serikali, mhudumu haimhusu.

Mchukuzi aliyekubebea mizigo hadi chumbani, msusi aliyesimama saa sita akikusuka, kijana wa karakana aliyelala chini ya gari lako juani: hawa nao watu huwaongeza kidogo wakiridhika na kazi. Ni hiari, na kiasi ni kadiri ya uwezo wako. Waswahili wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kuna kazi moja hapa Tanzania ambako hiari hiyo imekaribia kuwa deni. Ni kazi ya Mlima Kilimanjaro. Mgeni anayepanda kufika Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hapandi peke yake. Huwa na kiongozi, na mpishi, na wapagazi ambao wenyewe huitana wagumu. Wagumu hao hubeba hema, majiko, chakula na begi la mgeni. Mzigo umewekewa kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwenye mizani, kwa sababu zamani wengine walibebeshwa kupita kiasi. Mgeni anapofika kambini jioni hukuta hema limesimama na maji yamechemka, maana mgumu amempita njiani na mzigo kichwani. Safari huchukua siku tano, sita, saba, hata zaidi. Desturi ya mlima ni kwamba siku ya mwisho wageni hukusanya bakshishi na kuwagawia watu wote wa msafara, na familia nyingi za Moshi na Marangu huihesabu fedha hiyo katika ada za shule na karo.

Basi kama una mgeni kutoka nje, au wewe mwenyewe unapanda, nakupa shauri. Usimkabidhi mtu mmoja bahasha nzima gizani. Tamka mbele ya wote kiasi kinachomwangukia kila mmoja, na ikiwezekana kila mtu apokee mkononi mwake. Mgumu wa mwisho kabisa, yule aliyebeba choo cha kambi, ndiye rahisi kusahauliwa. Na hapa nasema kwa sauti: bakshishi haiwi mshahara. Kampuni inayompandisha mtu mlimani bila ujira unaoeleweka, ikimwambia kwamba atalipwa na moyo wa Mzungu, inamdhulumu. Mgeni hawezi kuwa mwajiri wa mtu aliyemkuta langoni asubuhi.

Ziko kazi ambazo bakshishi haitarajiwi kabisa, na usipoitoa hutakuwa bahili. Mama ntilie huuza chakula chake mwenyewe kwa bei yake mwenyewe. Faida ni yake. Mlipe kwa wakati, usikope ukapotea, na hiyo ndiyo heshima yake. Dereva wa teksi au bodaboda mliyepatana bei mmemalizana. Kama ulivutana naye kutoka 5,000 hadi 3,000, haingii akilini umrudishie 1,000 kama bakshishi, ingawa akikungoja dukani au akakubebea gunia hadi mlangoni, hapo amefanya zaidi ya mapatano na waweza kumshukuru. Sokoni mambo hugeuka kabisa: mnunuzi ndiye anayedai nyongeza, na muuzaji humtupia nyanya mbili juu ya fungu. Na kondakta wa daladala asikuambie kwamba hana chenji akanyamaza hadi ushuke. Chenji yako ni mali yako. Bakshishi hutolewa, hainyang'anywi.

Sasa tufike penye uzito. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye lango la hospitali moja, saa ya kutazama wagonjwa. Mbele yangu alikuwapo mama mtu mzima, ameshika chupa ya uji. Mlinzi akamtazama, akatazama chupa, akamwuliza, "Mama, huna hata ya soda?" Yule mama akafungua ncha ya khanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne. Akapita. Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na lango lilikuwa haki yake. Nikaona nyuma yake watu wakianza kupapasa mifuko, kila mmoja akitafuta noti yake kabla hajaulizwa.

Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyoenea, ndugu msikilizaji. Noti ya yule mama ilimfungulia yeye, ikawafungia waliomfuata. Kesho atakuja mwingine asiye na noti, na uji utapoa mikononi mwake. Tunayo misemo ya kujifariji: mkono mtupu haulambwi, penye udhia penyeza rupia. Tunaisema kwa kucheka. Lakini aliyetengeneza udhia ni nani, kama si yule yule anayengoja rupia?

Tena wapo wanaosema: mimi sikutoa kabla, nilitoa baada ya kuhudumiwa, kwa hiyo ni bakshishi. Kwa mtumishi wa umma hoja hiyo haisimami. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inagusa kishawishi kinachotolewa ili jambo lifanyike, na inagusa pia tuzo inayotolewa kwa sababu jambo limefanyika. Inamgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea. Hata kabla ya sheria hiyo, ahadi za mwanachama wa TANU ziliita rushwa adui wa haki, na zilitaja kutoa pamoja na kupokea. Sababu yake inaeleweka. Muuguzi, askari, karani wa ardhi, hawa utarudi kwao tena, na atarudi jirani yako. Shukrani yako ya leo inakuwa bei ya kesho. Kama muuguzi amekuhudumia vizuri, andika barua kwa mkuu wake, au litaje jina lake kwenye sanduku la maoni. Barua haimnyimi mgonjwa mwingine kitanda.

Wanasiasa nao waliwahi kutafuta kichochoro katika neno zuri. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ukarimu gani unaokuja wakati wa kampeni tu? Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Jambo hilo lilifungua mbele ya kazi, halikufuata nyuma, na kubadilishwa jina hakukulibadilisha.

Hata katika biashara binafsi hadhari inatakiwa. Ukimpa mhudumu wa baa 5,000 naye akakuletea chupa mbili ambazo hakuziandika, hiyo si bakshishi. Mmegawana mali ya mwenye baa.

Kwa wale wanaosafiri, kila nchi ina desturi yake. Japani mhudumu anaweza kukukimbilia njiani kukurudishia fedha, akidhani umezisahau. Marekani ni kinyume: kwenye mkahawa wa mezani asilimia 15 hadi 20 huhesabiwa kuwa wajibu, na iko sababu. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 1991, ilhali kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25 tangu mwaka 2009. Pengo linajazwa na mteja, na lisipojaa mwajiri ndiye anayetakiwa kulijaza. Baadhi ya majimbo, kama California, yamekataa utaratibu huo na kutaka mshahara kamili. Uingereza sheria ilianza kutumika Oktoba 2024 inayomkataza mwajiri kubaki na bakshishi ya wafanyakazi wake. Na ndugu zetu wa Kongo huita jambo hili matabishi, neno ambalo kwao laweza kuwa shukrani, na laweza kuwa hongo, kutegemea limetamkwa mbele ya nani.

Hilo la Uingereza litufunze. Siku hizi hapa kwetu watu wengi hulipa kwa simu. Ukiongeza 2,000 juu ya bei ukaituma kwa Lipa Namba ya mkahawa, fedha hiyo imeingia katika akaunti ya mwenye biashara. Yule dada aliyekuhudumia huenda asiione kamwe. Kama unataka impate, mpe mkononi, au mwombe namba yake mwenyewe. Na ninyi wenye mikahawa, wekeni utaratibu unaojulikana, ili jikoni nako wanaoosha vyombo wapate sehemu yao.

Kwa hiyo msikilizaji aliyeniuliza, jibu langu ni hili. Mezani, acha ulichonacho, na kama huna, sema ahsante ukimtazama mtu usoni. Mlimani, jiandae mapema, maana kuna watu wanaokutegemea. Sokoni na kwenye daladala, lipa bei na udai chenji yako. Dirishani kwa mtumishi wa umma, toa vyeti vyako, lipa ada kwa risiti, kisha simama. Simama hata kama foleni nzima inakukodolea macho. Ukiona haya mahali hapo, mkumbuke yule anayekuja nyuma yako na chupa ya uji, asiye na kitu katika ncha ya khanga.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.