Tofali, Ruwaza na Kiolezo: Istilahi za Kupanga Kurasa za Tovuti

Wafasiri wanaoshughulikia maandishi ya kompyuta hukutana na maneno kadhaa ya Kiingereza ambayo, yakitazamwa kijuujuu, yote yaweza kufasiriwa kwa neno moja la Kiswahili, yaani kiolezo. Wapo wanaofanya hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mazoea hayo yana hasara, na kupendekeza istilahi zitakazozitenga dhana hizo.

Tuchukue mfano wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyoanzishwa mwaka 2003. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2018, kihariri chake (tunasema kihariri kwa chombo na mhariri kwa mtu) huujenga ukurasa kwa vijisehemu vinavyopangwa kimoja baada ya kingine: aya ni kijisehemu, picha ni kijisehemu, jedwali na kitufe vivyo hivyo. Kihariri hicho kilipewa jina la Gutenberg, yule Mjerumani wa karne ya 15 aliyechapa vitabu kwa herufi za madini zilizoweza kupangwa, kupanguliwa na kutumiwa tena.

Kijisehemu hicho tukiite nini? Maofisa ardhi watapendelea kitalu, kwa kuwa ndilo neno lao la siku zote katika hati za viwanja. Lakini kitalu kimeshikamana na ardhi, hakihamishwi. Kijisehemu cha ukurasa huinuliwa na kushushwa apendavyo mwandishi. Kwa hiyo twapendekeza tofali, ambalo fundi hulichukua na kuliweka atakapo. Bloku nayo inafahamika kwa waashi, ila vijana wa mitandaoni wamekwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya kumzuia mtu asiwasiliane nawe, na mkanganyiko hautakosekana.

Sasa tuje kwenye dhana yenye uzito zaidi. Mtumishi anayetangaza zabuni kila mwezi hupanga matofali yale yale: kichwa cha habari, aya ya maelezo, jedwali la tarehe, na kitufe cha kupakulia fomu. Badala ya kuyapanga upya kila mara, huyachagua yote pamoja, akafungua orodha ya amri, akaagiza mpangilio huo uhifadhiwe kwa jina. Mpangilio uliohifadhiwa hivyo twauita ruwaza. Neno hili si geni kwa walimu, kwani wanaisimu hulitumia kwa mfuatano wenye umbo linalojirudia. Mfano wa nyumbani ni kanga: pindo, mji na jina hukaa mahali pake, ingawa rangi, picha na maneno hubadilika kila toleo.

Hapa ndipo palipo na hatari. Wakati wa kuhifadhi ruwaza, kihariri humtaka mtumiaji achague moja kati ya hali mbili. Katika hali ya kwanza, ruwaza ikiingizwa katika ukurasa huwa nakala inayojitegemea, na ukiibadilisha hapo hakuna ukurasa mwingine unaoguswa. Katika hali ya pili, kila mahali ilipoingizwa ni kitu kile kile kimoja. Ukibadilisha neno hapa, limebadilika kote. Wizara zilizohamia Dodoma baada ya mwaka 2016 zililazimika kubadili anwani zao. Anwani iliyowekwa kwa hali ya pili hurekebishwa mara moja tu, hata kama imo katika kurasa mia. Lakini tangazo la zabuni likihifadhiwa kwa hali hiyo hiyo, mtumishi anayeandika tarehe za mwezi huu atakuwa amefuta tarehe za matangazo yote yaliyopita, tena bila kujua. Akiifuta ruwaza yenyewe, kurasa zote zitabaki na pengo.

Kwa hali ya pili, wengi watakimbilia kitenzi kusawazisha, kilichozoeleka katika simu. Tatizo lake ni kwamba, kama bao la kusawazisha, chadokeza tendo linalofanyika likaisha, ilhali uhusiano huu ni wa kudumu. Sisi tunaona kufungamana kunafaa zaidi. Nani asiyekumbuka siasa ya kutofungamana na upande wowote? Basi tuseme ruwaza fungamani na ruwaza huru. Kuiondoa ruwaza fungamani katika uhusiano wake, ili ibaki nakala ya ukurasa mmoja, tuite kuitenga. Kuifungua hakufai, maana tayari tunafungua faili.

Yafaa ieleweke kuwa Waingereza na Wamarekani wenyewe walijikwaa hapa. Hadi Agosti 2023, lilipotoka toleo la 6.3, ruwaza fungamani iliitwa kwa jina lenye maana ya tofali liwezalo kutumika tena. Jina hilo halikutaja sifa yake ya pekee, kwa kuwa hata ruwaza huru, iliyokuwapo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, hutumika tena. Mfasiri aliyelifuata neno kwa neno aliurithi upungufu huo.

Toleo la 6.6 la Julai 2024 liliongeza jambo jingine: ndani ya ruwaza fungamani, mwenye tovuti aweza kuteua sehemu ambazo kila ukurasa utazijaza kivyake, huku mpangilio ukibaki wa pamoja. Kamusi zitampa mfasiri kubatilisha. Asilikubali. Hati hubatilishwa, ndoa hubatilishwa. Hapa hakuna kinachotanguliwa. Sehemu hizo ni sawa na mistari ya fomu, nasi twaziita nafasi za kujazwa.

Kiolezo basi kibakie na kazi yake moja: umbo la ukurasa mzima, tangu kichwa cha juu hadi maandishi ya chini, linaloamua jinsi kurasa zote za aina fulani zitakavyoonekana.

Neno la mwisho ni kwa wanaofasiri vitufe. Ruwaza ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Kitufe kilichoandikwa “Futa ruwaza” hakimwambii mtumiaji kama anafuta moja au zote. Iandikwe “Futa ruwaza hii” au “Futa ruwaza zote”, hata kama nafasi ni finyu.